Leseni ya Dirisha na Leseni ya Kiti

Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi ambayo wengi wenu mmeiona ikining'inia ukutani nyuma ya kaunta, imetiwa fremu, muhuri wa kaunti umeanza kufifia: leseni ya kuuza pombe. Nataka tuulize karatasi hiyo inamruhusu nani kufanya nini, na inamlinda nani. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mitaa yetu inabadilika nasi tunatazama. Baa ya mtaani, ile yenye viti na mhudumu na mwenyewe anayejulikana, inafunga milango, na duka la chupa linafungua dirisha palepale.

Ukipita Kayole, Githurai au Kawangware, au ukishuka kwenye steji ya matatu katika miji mingi ya Kenya, utaliona duka hilo. Ni chumba kimoja, wavu wa chuma kutoka sakafuni hadi darini, rafu za chupa nyuma yake, na tundu la kupitishia mkono. Juu ya mlango pamepakwa rangi maneno Wines and Spirits. Kiti hakuna, meza hakuna, choo hakuna. Mteja analipa kwa M-Pesa, anapokea kota yake ya mililita 250, anaitia mfukoni na kwenda zake. Aliyemuuzia hajui anakwenda kunywea wapi, wala na nani, wala kama leo amekula.

Hoja yangu naisema mapema ili usingoje. Sheria zetu za leseni na za ushuru zinalipendelea dirisha kuliko kiti. Na mnywaji anayesukumwa dirishani anaachiwa peke yake jambo ambalo wazee wetu hawakumwachia mtu peke yake.

Tuanze na sheria yenyewe. Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyosukumwa na John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha. Ilianza kutumika Novemba mwaka huo, na hadi leo watu wanaiita sheria ya Mututho. Iliifuta ile sheria ya zamani ya leseni za pombe, ikaifuta pia sheria ya mwaka 1980 iliyopiga marufuku chang'aa. Ikaweka saa: baa ifunguliwe saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Ikaweka umbali: mita 300 kutoka shule. Ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Ikapiga marufuku pombe ya vifuko, na ikataka pombe kali isiuzwe katika chupa ndogo kuliko mililita 250.

Katiba nayo, iliyozinduliwa mwaka huohuo wa 2010, iliweka utoaji wa leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Imo katika Jedwali la Nne. Kwa hiyo tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, swali la nani auze pombe mtaani kwako linajibiwa na kamati ya leseni ya kaunti ndogo. Wanaoketi kwenye kamati hiyo ni maafisa unaoweza kuwafikia kwa matatu moja.

Nia ya sheria ilikuwa njema, na siwezi kuibeza. Vifuko vilikuwa vinawaangamiza vijana. Lakini tazama lililotokea. Kile kipimo cha chini kabisa, mililita 250, kimekuwa ndicho kipimo cha kila siku. Kota ndiyo inayotoshea mfukoni na ndiyo inayotoshea mshahara wa kibarua. Tufanye hesabu pamoja. Kota moja ya pombe kali yenye kilevi cha asilimia 40 ina mililita 100 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 4 ina mililita 20. Kwa hiyo aliyetia kota mfukoni ametia bia tano. Mtu akiketi kunywa bia tano, jioni nzima itapita, na ndani ya jioni hiyo ataongea, atakula, ataenda chooni, ataangalia mpira, ataona saa. Kota humalizika kati ya steji na nyumbani.

Sasa tujiulize leseni zenyewe zinadai nini. Anayetaka kufungua mahali pa watu kuketi na kunywa atakaguliwa na afisa wa afya ya umma. Ataulizwa choo cha wanaume na cha wanawake, maji, hewa, mlango wa dharura. Akicheza muziki, vyama vya haki za wanamuziki vitamdai. Ataajiri wahudumu, mpishi, mlinzi. Mwenye dirisha naye ana leseni na ada zake, lakini mzigo wake ni chumba, wavu na mtu mmoja wa kuuza. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili atachagua nini? Mimi simlaumu anayechagua dirisha. Nalaumu kanuni zilizofanya kiti kiwe ghali kuliko dirisha.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 baa zote zilifungwa nchini, na hazikuruhusiwa kufunguliwa mpaka mwishoni mwa Septemba. Mwezi Machi mwaka uliofuata zikafungwa tena katika kaunti tano, Nairobi ikiwa mojawapo, hadi Mei. Lilikuwa jambo la lazima. Ugonjwa ulikuwa unaua. Lakini katika muda huo pombe ya kubeba iliendelea kuuzwa, na bodaboda wakaipeleka hadi mlangoni. Watu walifundishwa kunywa nyumbani, na somo likawakaa. Baa ambazo ziliishi kwa mkopo na kodi ya kila mwezi, nyingi hazikufungua tena. Wahudumu, ambao wengi wao ni wanawake wanaolea watoto peke yao, walirudi vijijini au wakatafuta vibarua. Pale walipokuwa, chumba kikagawanywa: upande mmoja kinyozi, upande mwingine dirisha.

Kuna pia kelele. Novemba 2022 serikali ya Kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Johnson Sakaja, ilisitisha leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi, kwa sababu wakazi walikuwa hawalali. Walikuwa na haki ya kulalamika, maana mtoto wa shule hawezi kusoma ukuta ukitetemeka. Lakini hapa kuna tatizo la malalamiko. Kelele humfikia jirani, na jirani hupiga simu. Dirisha halina kelele. Linauza kimya kuanzia jioni hadi usiku, na madhara yake yanasambaa katika nyumba mia moja ambazo hazina mtu wa kumlalamikia. Mfumo unaosubiri kelele ndipo uchukue hatua utafunga baa moja moja na kuyaacha madirisha yakiongezeka.

Tena kuna ushuru, na hili naomba ulisikilize kwa makini. Mwishoni mwa 2024 Bunge lilibadili namna ya kutoza ushuru wa pombe. Badala ya kutoza kwa lita ya kinywaji, sasa unatozwa kwa kiasi cha kilevi halisi kilichomo. Hilo ni wazo zuri, na wataalamu wa afya wamelipendekeza kwa miaka mingi, kwani kinachodhuru ni kilevi chenyewe wala si maji. Lakini viwango vilivyopitishwa havilingani. Kwa kila sentilita ya kilevi kilichomo ndani ya bia, ushuru ni shilingi 22 na senti 50. Kilevi kilekile kikiwa ndani ya pombe kali, ushuru ni shilingi 10. Rudi kwenye hesabu yetu: bia ya nusu lita yenye asilimia 4 inalipa shilingi 45. Kiasi hichohicho cha kilevi, kikitoka kwenye chupa ya pombe kali, kinalipa 20. Taifa linamwambia mnywaji wake maskini kwamba akitaka kulewa kwa bei nafuu, asiende kwenye bia, aende kwenye kota.

Labda msikilizaji utaniuliza: wewe unatetea ulevi? Hapana. Najua ninazungumza na watu waliozika ndugu kwa ajili ya pombe. Najua kuna akina mama Murang'a, Nyeri na Kiambu walioingia barabarani na kumwaga mapipa kwa mikono yao, kwa sababu waume na wana wao walikuwa hawafanyi kazi tena wala hawaonekani nyumbani. Najua baa ya mtaani ilikuwa na uovu wake. Mshahara wa Ijumaa uliishia pale. Ugomvi ulianzia pale na kumalizikia jikoni kwa mama watoto. Mhudumu alishikwa asivyotaka na akaambiwa ni kazi. Sitaipamba.

Lakini nataka tukumbuke kilichokuwamo ndani yake ambacho dirisha halina. Ndani ya baa ya mtaani palikuwa na watu waliomjua mnywaji kwa jina la mtoto wake, Baba Wanjiru, Baba Otieno. Mwenye baa alijua nani amefukuzwa kazi na nani mkewe amelazwa hospitalini. Alikuwa na daftari la deni, na daftari lile lilikuwa pia breki: likijaa, hupewi. Mhudumu alijua lini kusema, wewe leo basi, pombe si chai, ngoja nikuitie bodaboda. Nje palikuwa na muuza mutura na mahindi, kwa hiyo tumbo halikubaki tupu. Na mke aliyemtafuta mumewe alijua pa kumpata. Sheria yetu inakataza kumuuzia mtu ambaye tayari amelewa. Ni kifungu kizuri. Lakini nani anaweza kukitekeleza? Anaweza aliyekuona ukiingia ukiwa mzima na kukuona baada ya bia ya tatu. Mtu wa dirishani anaona mkono na noti.

Hili la kumwangalia mnywaji halikuletwa na leseni za Wazungu. Kwa Wakikuyu, muratina ilipikwa kwa sababu: mahari, tohara, kupatanisha waliogombana. Wakubwa walikunywa, vijana wakasubiri umri wao. Kwa Waluhya, busaa iliwekwa katikati katika chungu, wazee wakaketi kukizunguka na mirija mirefu, kila mtu akimwona mwenzake anavyovuta. Huku Pwani, Kilifi na Kaloleni na Rabai, mnazi unagemwa asubuhi na jioni, nao hauvumilii kukaa. Ukilala unachachuka, mwisho wake ni siki. Kwa hiyo hunywewa siku hiyohiyo, mangweni, yaani kwenye kilabu cha mnazi, watu wameketi kwenye mabenchi chini ya makuti, mboko na mrija mkononi, na mgema mwenyewe yupo. Palikuwa na walevi hata huko, na palikuwa na aibu hata huko. Lakini palikuwa na wa kumwonea mtu aibu.

Mkoloni alipokuja aliifanya pombe kuwa chombo cha mapato na cha kuwadhibiti watu. Nairobi ilijengewa ukumbi wa pombe wa manispaa Pumwani. Mji ukapika pombe, ukawauzia Waafrika, na faida ikagharimia huduma za Waafrika haohao. Bia ya chupa ilikuwa haramu kwa Mwafrika mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kutoka hapo tumerithi tabia mbaya ya kuiona leseni kuwa risiti: lipa, upewe karatasi, uuze. Kaunti nyingi leo zinaangalia safu ya mapato kabla ya kuangalia mtaa. Afisa akiulizwa ametoa leseni ngapi, atajibu kwa shilingi.

Kuna wakati tulipata somo kubwa, tukalisahau. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza bia ya Senator kwa keg, nayo serikali ikaisamehe ushuru. Lengo lilikuwa kumpa mtu wa kipato cha chini kinywaji salama kwa bei inayokaribia ya chang'aa, na mtama wa mkulima ukapata soko. Kwa sababu pipa la keg linahitaji mashine, gesi na bomba, haliwezi kuuzwa kupitia tundu la wavu. Lilihitaji chumba, benchi na kikombe. Mwaka 2013 msamaha ule ukapunguzwa kwa nusu, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Wanywaji hawakuacha kunywa. Walirudi kwenye vichochoro. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kitui zikiwemo, na wengine wakapofuka. Baadaye nafuu ya keg ikarejeshwa kwa sehemu kubwa.

Methanoli, msikilizaji, haina ladha ya kukuonya. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia neva za macho. Mtu anaanza kuona ukungu, anafikiri ni ulevi, analala. Anayefikishwa hospitalini mapema anaweza kuokolewa. Anayelala peke yake hadi asubuhi huenda asiamke. Tuliona hayo Mukuru, Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya mia moja walipokufa. Tuliona Machakos mwaka 2005. Tuliona Kirinyaga Februari 2024. Na dirisha lina hatari ya jamaa moja na hiyo: chupa inayojazwa upya, stempu ya ushuru ya bandia, na mnywaji ambaye hakuna aliye karibu kusema, huyu macho yake si ya kawaida, tumpeleke.

Serikali imejibu kila msiba kwa amri. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru zile pombe kali za bei ya chini zilizoitwa za kizazi cha pili ziondolewe, na katika maeneo ya Mlima Kenya viongozi na umati wakavunja hata maghala ya pombe halali. Mwaka 2023 Naibu wa Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alizitaka kaunti za eneo hilo zipunguze baa. Machi 2024 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza orodha ndefu ya hatua, ikiwemo kufunga baa zilizo katika makazi na karibu na shule. Na Julai 2025 ikazinduliwa sera mpya ya taifa inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21, na pombe iondolewe kwenye supamaketi, mitandaoni na kwenye huduma za kupelekewa nyumbani.

Katika sera hiyo naona mwanga, kwa sababu imeanza kuiangalia pombe ya kubeba. Lakini nina hofu na amri zinazohesabu milango pekee. Ukisema mji huu ubaki na baa chache, bila kusema lolote juu ya madirisha, umepunguza viti na hukupunguza chupa. Ukifunga mahali penye mwanga, choo na mtu wa kuwajibika, mnywaji anahamia kwenye ngazi za ploti, kwenye mtaro, kwenye kitanda chake, na watoto wake wanamtazama.

Tusidhani ni sisi tu. Waingereza, ambao ndio waliotuachia mfumo huu wa leseni, wamepitia njia hiyo kabla yetu. Sheria ya mwaka 1961 iliyaruhusu maduka yao kuuza pombe mchana kutwa, huku baa zao zikiendelea kufungwa alasiri hadi mwaka 1988. Supamaketi zikaingia na bia ya bei ya chini. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Kufikia 2023 zilikuwa zimebaki takriban 45,000. Sababu ni nyingi, kuanzia kodi ya jengo hadi marufuku ya sigara ndani ya baa, lakini tofauti ya bei kati ya duka na baa ni mojawapo ya zile kubwa. Na kunywa kulihamia nyumbani.

Scotland waliamua kutenda. Tangu Mei 2018 kuna bei ya chini ambayo kilevi hakiwezi kuuzwa chini yake, peni 50 kwa kila kipimo chao rasmi cha kilevi, na Septemba 2024 ikapandishwa hadi peni 65. Bei hiyo haiigusi sana baa, maana baa tayari iko juu yake. Inaligusa duka linalouza pombe kali kwa bei ya kutupa. Tena sheria yao ya leseni inataja afya ya umma kuwa mojawapo ya malengo ambayo bodi ya leseni lazima iyazingatie. Na huko Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 2011 iliwapa wakazi nafasi ya kuiorodhesha baa yao kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Wakazi wa kusini mwa London waliitumia kuinunua baa ya Ivy House mwaka 2013, mwekezaji alipotaka jengo. Sisemi tuige kila kitu. Nasema walikubali kwamba mahali pa watu kuketi pana thamani ambayo mizani ya duka haiipimi.

Basi tufanye nini? Naanza na kaunti. Leseni za kuondoka na chupa zihesabiwe peke yake, wadi kwa wadi, na ziwekewe kikomo kabla ya kugusa baa ndogo. Ada zipinduliwe: dirisha lilipe zaidi, na baa ndogo yenye choo safi, maji na chakula ilipe kidogo. Anayeuza dirishani afundishwe kazi na ajulikane kwa jina katika leseni, ili akimuuzia mtoto au mlevi kuwe na mtu wa kuulizwa. Na kaunti za Pwani na za Magharibi ziwape wagema na wapika busaa njia rahisi na nafuu ya kupata leseni ya mangwe na klabu, yenye masharti ya usafi, badala ya kuwaacha wacheze paka na panya na polisi kila mwezi.

Kwa Bunge nina ombi moja. Kilevi ni kilevi. Kitozwe sawa, kiwe ndani ya bia au ndani ya pombe kali. Lakini tusirudie kosa la 2013: ushuru wa pombe kali ukipanda, keg ibakie nafuu, la sivyo tutakuwa tumewafukuza watu kutoka dirishani na kuwapeleka kwenye chang'aa.

Na kwako msikilizaji usiyekunywa. Kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, Wakenya wanaokunywa, kati ya wenye umri wa miaka 15 na 65, ni asilimia 12.2, yaani karibu mmoja kati ya wanane. Ninyi saba mliobaki ndio wengi, na ndio mnaoishi na matokeo. Huenda dini yako inakukataza hata kuizungumzia pombe mezani. Naheshimu. Lakini leseni zinazotolewa leo zitaamua barabara atakayopita binti yako akitoka masomoni jioni. Sheria inamtaka mwombaji wa leseni atangazwe hadharani, na inamruhusu mkazi kupeleka pingamizi kwa maandishi. Haki hiyo inalala bure, kwa sababu siku ya kikao viti vya wakazi huwa vitupu na waliokuja ni waombaji na mawakala wao.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja. Nenda kwenye ofisi ya kaunti ndogo yako uulizie orodha ya maombi ya leseni ya mwaka huu na tarehe ya kikao. Nenda na wenzako wa chama, wa kanisani, wa msikitini, wa nyumba kumi. Mkifika, ulizeni maswali matatu. Kati ya leseni zilizotolewa katika wadi hii, ngapi ni za kuketi na ngapi ni za kuondoka na chupa? Kila dirisha lina umbali gani kutoka shule iliyo karibu, na nani aliyeupima? Na mtu akidhurika kwa chupa iliyouzwa hapo, ni nani ambaye jina lake litasomwa mahakamani? Kamati inayoweza kujibu hayo imeijua kazi yake. Isiyoweza, ielezeni kwamba mtarudi kikao kijacho, na mrudi kweli.